Nyumba Aliyoijenga Odera Ndani ya Mchezo

Ringwani,
3 Februari 2013

Mwanangu Odera,

Pokea salamu kutoka nyumbani, na uzipokee umekaa maana ni nyingi. Mimi mama yako Zilpa ni mzima, kile kifua cha vuli kimeniacha, limebaki goti tu. Juliana mdogo wako ni mzima, yuko hapa pembeni ananiambia nukta niweke wapi, na mimi namwambia barua ni yangu. Baba yako mdogo Batholomeo anakusalimu, anasema meno yamebaki machache lakini nyama bado haijamshinda. Mke wake anakusalimu. Bibi yako wa Migori ametuma salamu kwa watu waliopita Sirari, anauliza kama bado unapiga chafya ukila pilipili. Kwaya inakusalimu. Jirani yetu Mogesi anakusalimu, yeye na mbwa wake. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Na yule kuku mweupe bado anaatamia ndani ya kichwa cha kompyuta ya marehemu baba yako, na mwaka huu ametoa vifaranga wazuri kuliko kuku anayelalia kikapu. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema mashine ile haikuwahi kufanya kazi.

Mdogo wako Okal naye anakusalimu. Yuko nyumbani, ametoka machimbo ya dhahabu ya Kemambo, anapumzika.

Usishangae kuona naandika badala ya kupiga. Simu ya nyumbani alikuwa nayo Okal huko Kemambo, imepotea. Lakini hata ingekuwepo ningeandika. Darasa letu la akina mama kanisani limenifungua mkono, na nimegundua barua ni dawa, kwa sababu kwenye simu mtu akisikia jambo asilolitaka anasema mtandao unakata.

Sasa neno lenyewe. Mdogo wako Okal amepata mchumba. Anaitwa Veronika, binti wa Mzee Waisiko wa Machochwe, msichana wa kicheko na jembe. Kwao wamekubali. Wanachotaka ni kuiona nyumba, maana Waisiko alisema hapa hapa kwangu, mbele ya chai, kwamba binti yake hawezi kuletwa alale jikoni kwa mama mkwe pamoja na mbuzi. Alisema watasubiri mpaka mahindi yavunwe. Baada ya hapo atawasikiliza wengine, na wengine wapo, tangu dhahabu ionekane nchi hii imejaa vijana wageni wenye pikipiki.

Okal angejenga hata kesho. Lakini unajua kwetu, mdogo hajengi mkubwa hajajenga. Mahali pa nyumba yako ya ujana pana nyasi mpaka leo, nafyeka, zinaota, nafyeka. Mimi ni mtu wa kanisa, Odera, lakini nimekiona chira, ile laana ya kuvunja mwiko, kwa macho yangu. Nimeona mtu aliyemruka kaka yake akikauka kama muhogo juani, hospitali wakatafuta ugonjwa wasiuone. Sitaki kujaribu kwa mtoto wangu. Na yeye anasema kama hajengi basi anarudi kwenye duara, lile shimo lao la dhahabu, kwa sababu mwanamume wa umri wake hawezi kukaa anachochea moto wa mama. Mimi sitaki arudi chini kule. Sitaki kabisa.

Njoo ujenge. Wiki moja inatosha, udongo upo, watu wapo. Waombe ofisini ruhusa. Kondakta wa basi la Mugumu, Simoni, anachukua barua mpaka Mwanza, na kule anampa mwenzake wa basi la Dodoma. Jibu upesi.

Mama yako,
Zilpa Akech


Dodoma,
2 Machi 2013

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kidole cha mafuta, nikajua imesafiri na mtu aliyekuwa anakula maandazi. Nimeisoma mara nyingi. Baba mdogo mpe shikamoo yangu, Juliana mwambie asome, bibi mwambie pilipili nimeacha. Okal mpe hongera ya mchumba.

Mama, kuja sasa hivi siwezi. Kuna kazi naimalizia na nikiiachia katikati itanitoka kichwani kama ndoto. Ngoja nikueleze, usije ukadhani ni ulevi.

Unakumbuka Baba alivyoileta ile kompyuta nyumbani, ofisi ya ushirika ilipofungwa? Umeme hakuna, akaiweka juu ya meza dirishani na kuifunika kitambaa cha kochi. Jioni ananiita. Yeye anabonyeza vitufe kama karani, mimi nimejificha nyuma ya meza ndiyo mashine. Anaandika huku anasoma kwa sauti, "Jumlisha magunia ya pamba," na mimi najibu kwa sauti ya puani, "Tayari." Akiniuliza jambo gumu najibu, "Sijaelewa, sema tena." Alikuwa anacheka mpaka anavua miwani.

Ile mashine, Mama, naitengeneza. Naitengeneza ndani ya mchezo wa kompyuta. Mchezo una injini yake, ndiyo inayochora kila unachokiona, inachora na kufuta upesi kuliko kope. Mchezaji anatembea kwa kubonyeza vitufe, anaingia kwenye boma, anaingia kwenye nyumba, anakaa mezani, anawasha. Kioo kinawaka kijani. Na hapo sijachora picha ya kompyuta tu, ni kompyuta kweli, inafanya kazi, ingawa haina chuma wala waya. Nimeipa kumbukumbu ndogo kama zile za zamani, visanduku vidogo vidogo, kila kimoja na namba yake. Unaiandikia maagizo, inapita kisanduku baada ya kisanduku, inasoma agizo, inatii, inakwenda linalofuata. Unaweza kuifundisha jambo ambalo hata mimi niliyeiumba sikulifikiria.

Shida niliyonayo ni kwamba ikipewa kazi ndefu inaing'ang'ania, injini inashindwa kuchora, mchezo wote unaganda. Hata moshi wa jikoni unasimama hewani.

Sasa nakuomba msaada. Nyumba ninayotaka kuiweka mashine ni nyumba ya kijana, kama za kwetu. Nimesahau mengi. Nguzo zinasimamaje? Nyasi zinafungwa kuanzia wapi? Mlango unatazama wapi, na nyumba inakaa upande gani wa boma? Nieleze yote, hata unaloona ni dogo.

Mwanao,
Odera


Ringwani,
24 Machi 2013

Mwanangu Odera,

Salamu za hapa ni zile zile, ongeza mvua. Mvua imekuja na baraka na matope. Juliana alishikwa na malaria akapona. Baba yako mdogo jino moja limeanguka tena, amelitupa juu ya paa kama mtoto. Yule rafiki wa Okal wa machimboni, Benedicto, mtu wa Shinyanga, alikuja kumwangalia. Alileta sukari na mchele. Walikaa, Okal mguu juu ya kigoda, wakaongea kidogo, halafu yule kijana akalia. Sijui kwa nini wanaume wa Shinyanga wanalia wakinywa chai.

Barua yako nimeisoma mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, halafu nikamsomea Okal, halafu nikaisoma kwa akina mama darasani, nikiruka sehemu ya ulevi. Mmoja akaniuliza, kwa hiyo mtoto wako ameumba kitu kisichokuwepo na kinamsikiliza? Nikasema ndiyo. Akasema, basi huyo ana akili za kwenda mbali. Nilitembea kurudi nyumbani bila kulisikia goti.

Kuhusu kuganda, mimi sijui mambo hayo, lakini niliposoma nilikumbuka mimi na mama mkwe wangu tulivyokuwa tunatwanga kinu kimoja. Mchi wangu unashuka, wake unapanda. Mmoja akijisahau akapiga mara mbili, michi inagongana na mtama unamwagika. Mashine yako haijajifunza kuinua mchi. Ifundishe.

Umeniuliza nyumba. Nyumba ya kijana haiwi kubwa, maana ni ya kuondoka siku moja akaanzishe boma lake. Baba yake ndiye anamwonyesha mahali, na kama baba hayupo basi ni ndugu wa baba. Mwenye nyumba anachimba shimo la nguzo ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, hata kama mengine atachimbiwa. Nguzo zinazunguka, halafu fito zinafungwa kwa kamba, halafu udongo. Udongo wa kwanza ukauke upasuke nyufa, ndipo unakandika wa pili. Nyasi zinaanzia chini kupanda juu, tabaka linalala juu ya tabaka kama magamba ya samaki, ukianzia juu mvua itakuingilia kitandani. Mlango unatazama katikati ya boma. Mtoto wa kwanza anakaa upande wa kulia karibu na lango, wa pili upande wa kushoto. Wewe kulia, Okal kushoto. Harufu ya nyumba mpya ni ya udongo mbichi na moshi, sijui kama mchezo unaweza hiyo.

Nimekueleza kwa furaha, Odera. Lakini nilipomaliza nilikaa nikaiangalia karatasi. Umeniuliza yote ya kujenga nyumba na hujasema unakuja lini kuijenga.

Na neno lingine dogo. Nilikuuliza kuhusu ruhusa ya ofisini. Barua yako ina mambo ya ushirika, ina moshi, ina bibi, ofisi haimo. Ofisi wazima?

Mahindi yamefika magotini. Jibu upesi.

Mama yako,
Zilpa


Dodoma,
20 Aprili 2013

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa wote. Poleni na malaria.

Imefanya kazi. Nilisoma habari ya michi miwili usiku, asubuhi nikaibomoa sehemu nzima na kuiandika upya. Sasa mashine inafanya kidogo, inainua mchi, injini inachora, mashine inashusha tena. Hakuna tena kuganda. Moshi wa jikoni unapanda huku mashine inahesabu. Vijana wa hapa ninaokaa nao wanaotengeneza michezo waliniuliza nimeitoa wapi njia hiyo, nikasema kwa mama yangu, wakadhani nimewatania.

Maagizo yake nimeyaweka kwa Kiswahili. Ukitaka iandike neno unaiambia ANDIKA. Ukitaka irudie unasema RUDIA. Kuna KAMA, kuna NENDA. Ya kuisimamisha nilihangaika nayo, mwisho nikakumbuka ulivyokuwa unatusimamisha sisi, nikaweka BASI. Na ukiiandikia kitu isichokijua, haipigi kelele wala haizimi. Inajibu kama tulivyojibizana na Baba: "Sijaelewa, sema tena."

Nimekutumia picha nilizochapisha. Ya kwanza ni boma letu, nimejaribu kukumbuka kila kitu, hata jiwe lako la kukalia. Ya pili ni nyumba yangu kwa nje. Nilifunga nyasi kuanzia chini, tabaka kwa tabaka, ingawa mwenzangu alisema ningeweza kupaka rangi ya nyasi tu, nani ataangalia. Ya tatu ni ndani, meza, dirisha, na mashine imewashwa. Nguzo ya kwanza niliichimbia shimo, Mama. Ndani ya mchezo shimo halina kazi yoyote, lakini nililichimba.

Kuna maonyesho hapa Dodoma mwezi wa sita, wamenipa meza ya kuionyesha.

Mama, mguu wa Okal ulikuwa juu ya kigoda kwa nini? Na kwa nini amepumzika tangu barua yako ya kwanza, wakati watu wa Kemambo hawapumziki dhahabu ikitoka?

Mwanao,
Odera


Ringwani,
12 Mei 2013

Mwanangu Odera,

Tunakusalimu wote. Bibi wa Migori amekuja yupo hapa, ameziona picha zako, amebusu moja, imebaki na ugoro.

Nilipoiona ile nyumba nililia, nitakwambia ukweli. Niliishika karibu na taa. Nyasi zimelala vizuri kuliko za baba yako mdogo, na jiwe langu lina ule ufa wake. Nikasema moyoni, huyu mtoto hakuondoka hapa. Nikawaza tena, nyumba hii ameichimbia nguzo kwa mkono wake, ameifunga nyasi, ameweka meza, anakaa ndani yake mchana na usiku. Sasa nyumba ni nini zaidi ya hapo? Nikafunga kitambaa kichwani, nikazichukua zile picha na barua, nikaenda kwa Batholomeo.

Nilimkuta na wazee wenzake wawili wanakula karanga. Nikapiga magoti, nikawaambia Odera amejenga, kwa hiyo mdogo wake sasa apewe mahali. Nikazitoa picha. Okal nilikuwa nimeshamwambia, na vijana wenzake walikuwa wameshaleta nguzo za kwanza langoni. Niliona jambo limekwisha. Sikuwa nadanganya mtu, Odera, nilikuwa naamini, na sehemu moja yangu inaamini mpaka leo.

Walizipitisha mkono kwa mkono. Mzee mmoja akauliza kama mvua inanyesha kule. Nikasema mtengenezaji akitaka inanyesha. Akauliza kama inavuja. Nikasema haivuji, nyasi zimeanzia chini. Mwingine akauliza kama mtu anaweza kulala ndani na mke. Nikazipanga picha upya, na wakacheka sana. Baba yako mdogo hakucheka. Alikuwa ameisogeza ile picha ya boma machoni, anaigeuza. Akaniuliza, "Shemeji, huyu ameingilia wapi?"

Nikasema kwa lango.

"Basi amehesabu kulia akiwa anaingia," akasema. "Sisi tunahesabu kutoka mlangoni kwa mama, tukitazama nje. Mtoto hahesabiwi kama mgeni anayefika. Tazama. Amejenga mahali pa Okal."

Nikatazama, na ni kweli. Miaka yote ile nafyeka nyasi za upande wako, na kwenye picha upande wako ni nyasi bado. Baba yako mdogo akanirudishia picha kwa mikono miwili, kwa heshima. Akasema mtoto ana mikono ya ajabu na marehemu baba yako Olima angefurahi kuona, ila nyumba hiyo haiwezi kumfungulia Okal njia, maana ndiyo imekaa njiani.

Sikumwambia Okal hivyo. Nilimwambia wazee bado wanafikiri. Lakini vijana walikuja kuchukua nguzo zao, naye akaelewa. Leo asubuhi amefunga begi.

Sasa nitasema nililokuficha, kwa sababu umeuliza mara moja na ukiuliza mara ya pili sitaweza. Mwezi wa kwanza duara lao kule Kemambo lilibomoka. Okal alikuwa chini. Benedicto na wenzake walichimba kwa mikono na masufuria mpaka wakamfikia. Mguu ulivunjika. Simu haikupotea, iko huko chini, ilikuwa mfukoni mwa shati alilolivua. Sikutaka kukwambia, nikasema atakuja kwa hofu, na mimi nilitaka uje kujenga kwa moyo wako. Nilikosea hesabu. Mguu haujashika vizuri, bado anachechemea, na anasema mwenye duara jipya amemwahidi kazi ya kamba, ya kuvuta mawe akiwa juu. Najua kazi ya kamba inaishia wapi. Veronika alikuja akasimama pale mlangoni, akamwambia akienda atamrudishia khanga ya uchumba.

Nimemwomba angoje barua hii ijibiwe. Amekubali kwa kichwa, hajakubali kwa mdomo. Maonyesho yako najua ni mwezi wa sita. Sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu begi liko mlangoni.

Mama yako,
Zilpa


Dodoma,
19 Mei 2013

Mama,

Shikamoo. Mtu wa basi la Dodoma amesema Simoni ataileta hii mwenyewe mpaka mlangoni.

Ofisini sipo tangu Desemba. Niliacha kwa ajili ya mashine hii, na nilishindwa kukwambia, na nilishindwa kuja nyumbani mtoto wa kwanza mkono mmoja begi, mkono mwingine mchezo. Ulipouliza kama ofisi wazima nilicheka, halafu nikakaa bila kula.

Baba mdogo amesema kweli. Kwenye mchezo kila mtu anaanzia langoni, nami nilihesabu kama wao, kama mgeni. Jana nimeihamisha nyumba. Ilikuwa kazi ya kuvuta kwa kidole tu, ikatua upande wake. Nikakaa naitazama. Mama, kama kujenga ni rahisi hivyo, basi wazee walikuwa na haki ya kucheka.

Mwambie Okal afungue begi. Meza ya maonyesho nimemwachia mwenzangu. Nafika Jumamosi. Baba mdogo aniwekee jembe.

Odera


Ringwani,
30 Juni 2013

Mwanangu Odera,

Umeondoka juzi na nyumba bado ina sauti yako, lakini nitasalimia kama kawaida maana salamu haziruki. Mimi mzima. Goti linanikumbusha nilivyocheza siku ya kuezeka. Juliana mzima, anatamba shuleni kwamba kaka yake ameumba kompyuta. Bibi amerudi Migori, anawaambia wa huko kwamba ile nyumba ya kwenye picha ameiingia kwa miguu yake. Batholomeo mzima, bado anawasimulia watu ulivyochimba lile shimo la kwanza, jinsi malengelenge yalivyopasuka na wewe hukumpa mtu jembe. Anasema mkono wa kijana yule ni laini lakini una ukaidi wa Olima. Kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa, mimi nimeolewa hapa muda mrefu sijasifiwa hivyo.

Nyumba yako imekauka. Nimekandika udongo wa pili mwenyewe. Kila asubuhi nikifungua mlango wangu naiona upande wangu wa kulia, pale pale nilipokuwa nafyeka, na siamini.

Ya Okal imefika kwenye fito. Anafunga amekaa, kwa sababu ya mguu, na Benedicto yuko juu. Waisiko alipita akijifanya anatafuta ndama aliyepotea. Alizunguka nyumba mara mbili, akagonga nguzo kwa fimbo, akasema ndama labda amekwenda kwingine. Veronika hajarudisha khanga.

Sasa ile kompyuta ya kukunja uliyotuachia. Iko juu ya meza dirishani kwako, kama kwenye picha. Waya wa sola wa Mogesi unafika, mbwa wameshauzoea. Okal anaingia pale jioni mguu ukimuuma. Mara ya kwanza aliiambia ANDIKA VERONIKA, akaiambia RUDIA, akasahau BASI. Jina likashuka kioo kizima, likawa linashuka tu, yeye anatafuta vitufe jasho linamtoka. Na Veronika mwenyewe akatokea mlangoni. Alisimama akatazama, akasema, "Iache." Ikaendelea mpaka sola ikaisha. Tangu siku hiyo Okal hazungumzii Kemambo. Sasa ameifundisha kuhesabu fito, ngapi zimefungwa na ngapi bado, anasema haikosei. Mimi ninamtazama kwa dirishani, mtoto aliyetolewa chini ya ardhi, uso wake una mwanga wa kijani, na namwona baba yenu.

Jana walipokwenda kukata nyasi niliingia peke yangu. Nilinawa mikono kwanza. Niliwasha kama ulivyonionyesha, kikaja kile kialama kinachopepesa kinaningoja. Nikaandika jina langu. Ikasema, "Sijaelewa, sema tena." Sikukasirika. Nilicheka, kwa sababu niliisikia ile sauti yako ya puani nyuma ya meza, na baba yako anavua miwani. Nikaandika, asante kwa kuja. Ikasema sijaelewa, sema tena. Halafu nikaandika lililokuwa linanisumbua tangu basi liondoke, polepole, herufi moja moja, sikusahau hata nukta. Niliandika, Odera amefika salama?

Ikajibu vile vile.

Mashine yako ni nzuri, mwanangu, sijaona kitu kama hicho na sitakiona tena. Lakini hilo haiwezi. Simoni anapita hapa Jumatano, nitakuwa barabarani toka asubuhi. Wewe ndiye unayenielewa, nijibu upesi.

Mama yako,
Zilpa Akech